Wembe wa Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Msichana Anayetaka Kuanza Kunyoa

Swali la kwanza la mzazi huwa la umri. Miaka 9 si mapema mno? Miaka 13 si amechelewa? Umri ni kipimo kibovu katika jambo hili. Wasichana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kwa miaka mitatu au minne katika kubalehe: mmoja ana miaka 9 na kwapa limeshaota nywele nyeusi, mwenzake ana 13 na miguuni bado ana malaika tu, yaani nywele laini za utotoni. Ukipitisha sheria kwamba nyumba hii hakuna wembe kabla ya miaka 13, wa kwanza utamwachia aibu ya miaka minne, na wa pili utamkabidhi kifaa ambacho hana kazi nacho.

Pima mambo matatu badala ya umri. Je, nywele zipo kweli? Je, ni yeye mwenyewe anayetaka? Je, mikono na mazoea yake yanaweza kuaminiwa na kitu chenye makali? Yote matatu yakiwepo, wakati umefika, hata kama moyo wako unasema bado ni mtoto. Moja likikosekana, subirini kwanza, ila kusubiri huko kusiwe kumwacha apambane peke yake. Zito kuliko yote ni la pili, na ndilo ambalo wazazi hulipita mbio.

Mwili umefika wapi

Kwa wasichana wengi kubalehe huanza kati ya miaka 8 na 13. Nywele za kwapa huwa si dalili ya kwanza. Kwa kawaida hutanguliwa na nywele za kinena kwa mwaka mmoja au miwili. Hedhi nayo ina ratiba yake, hivyo msichana anaweza kuota nywele kwapani kabla hajavunja ungo, wala hilo si jambo la kushtusha.

Miguuni mambo huenda polepole zaidi. Kila mtoto huzaliwa na malaika, zile nywele laini fupi zisizoonekana kwa mbali. Balehe inapoanza, homoni ziitwazo androjeni, ambazo kila msichana anazo kutoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo, hugeuza baadhi ya malaika hao kuwa nywele nene na nyeusi. Zitakuwa nyingi kiasi gani? Hilo ni suala la urithi. Kama mama, shangazi au bibi wa upande wowote ana nywele nyingi miguuni, binti naye huenda akawa nazo, na huenda zikaonekana mapema kuliko za rafiki zake.

Tofautisha nywele na harufu, maana mambo haya mawili huchanganywa sana. Kikwapa kinaweza kuanza kabla unywele hata mmoja haujachomoza. Wakati wa balehe tezi fulani za jasho kwapani huamka, na jasho lake lenyewe halina harufu kubwa mpaka bakteria wa kwenye ngozi walivunjevunje. Dawa yake ni kuoga kila siku kwa sabuni, kukausha kwapa vizuri, kubadilisha nguo na kutumia deodoranti. Kunyoa husaidia kidogo, kwa kuwa nywele hushika jasho, lakini msichana asiyeosha kwapa atanuka hata akiwa amenyoa. Basi kama kilichokusukuma kusoma mwongozo huu ni harufu, anza na sabuni.

Jambo moja la kwenda nalo hospitali kabla ya yote: nywele za kwapa au za kinena zikiota kabla ya kutimiza miaka 8, mpeleke kwa daktari. Mara nyingi hukutwa hakuna hatari, lakini inafaa apimwe badala ya kunyolewa tu.

Ni nani anayetaka?

Kunyoa si usafi. Nywele zinazooshwa ni safi sawasawa na ngozi inayooshwa, na hakuna ugonjwa unaomsubiri msichana asiyenyoa miguu au kwapa. Ni uamuzi wa mwonekano na wa kujisikia vizuri, na uamuzi wa namna hiyo una mwenyewe. Ndiyo maana, ikiwa binti yako ana nywele ndefu kwapani na hajasema chochote, kaa kimya. Neno la mama kuhusu miguu ya bintiye huweza kukaa kichwani mwake miaka mingi, hata kama lilisemwa kwa mzaha. Shangazi akilisema mbele ya wageni, mwite pembeni umwambie asirudie.

Kukaa kimya si kufumba macho. Wapo wasichana wasioweza kuuliza. Utamwona anavaa mikono mirefu siku ya joto kali, anakataa kuogelea wakati zamani alikuwa hatoki majini, anaficha miguu chini ya kiti, au anakawia bafuni na kutoka na mikwaruzo asiyoieleza. Hapo fungua mlango bila kumsukuma aingie. Sema jambo la jumla, ikiwezekana mkiwa mnafanya kazi nyingine ili msitazamane usoni: “Mwanangu, katika umri wako nywele huanza kuota kwapani na miguuni. Wengine huziacha, wengine hunyoa. Siku ukitaka kujua zaidi, niulize tu.” Kisha endelea na kazi. Usingoje jibu papo hapo.

Akija mwenyewe, jibu lako la kwanza lina uzito kuliko uamuzi wenyewe. Linganisha majibu haya mawili.

“Mama, na mimi nataka kunyoa miguu.”
“Wewe! Umekua lini? Nani anakufundisha mambo haya?”

Na hili:

“Mama, na mimi nataka kunyoa miguu.”
“Sawa mwanangu, tuzungumze. Umeanza lini kulifikiria?”

La kwanza linafunga mazungumzo na kumfundisha kwamba mambo ya mwili yasiletwe kwako. La pili halijaahidi chochote, lakini linakupa nafasi ya kusikia kinachomsumbua. Uliza pia: “Kuna mtu amekuambia neno?” Mara nyingi yupo. Mwanafunzi mwenzake amemcheka, au ndugu yake wa kiume amemtania.

Baadhi ya wazazi, wakisikia kuna aliyemcheka, humkataza kunyoa ili ajifunze kutojali maneno ya watu. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kuwa uwanja wa kuthibitishia msimamo wa mzazi. Mwambie wazi kwamba nywele zake hazina kasoro na aliyemcheka ndiye aliyekosea; shughulikia kuchekwa huko kama ungeshughulikia uonevu mwingine wowote; na bado, kama nywele zipo na anataka, mruhusu. Kinyume chake nacho ni kweli. Akiwa ameomba kwa sababu tu rafiki yake kipenzi ameanza, na nywele zake hata kuonekana hazionekani, mnaweza kusubiri. Muulize swali hili: “Kesho ukiamka miguu haina nywele, ni kitu gani kitabadilika?” Akijibu kwamba atavaa sketi bila wasiwasi, hilo ni jibu lenye mashiko. Akijibu kwamba kila mtu atampenda, kuna mazungumzo mengine ya kufanya kabla ya wembe.

Akikuuliza kwa nini wanawake hunyoa na wanaume wengi hawanyoi miguu, mpe ukweli. Kuondoa nywele mwilini ni jambo la kale sana katika jamii nyingi, lakini wembe wa kike wa madukani una historia fupi. Mwaka 1915 kampuni ya Gillette ya Marekani ilitoa wembe uliotangazwa kwa ajili ya wanawake, Milady Décolleté, wakati magauni yasiyo na mikono yalipokuwa yanapendwa. Baadaye sketi zilifupishwa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia soksi ndefu za nailoni ziliadimika kwa sababu nailoni ilihitajika kutengenezea miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Miguu ikabaki wazi, nyembe zikauzika zaidi. Msichana anayejua kwamba fasheni na biashara vina mkono katika jambo hili huamua akiwa na akili tulivu zaidi, hata kama mwishoni anachagua kunyoa.

Kama dini au desturi ya familia yenu ina neno kuhusu nywele za mwili, mweleze mapema na kwa upole, pamoja na sababu zake, asije akalijua kwa kukemewa.

Je, mikono yake iko tayari?

Hapa usitumie hisia, tazama anavyoishi. Anakata kucha zake mwenyewe bila kujijeruhi? Anaoga bila kukumbushwa? Akipewa maelekezo yenye hatua tano, anafika ya tano au anaruka kutoka ya pili? Akiumia anakwambia, au anaficha? Swali hili la mwisho nalipa uzito mkubwa, kwa sababu kidonda kidogo cha wembe kinachofichwa ndicho kinachotunga usaha. Jingine: anaweza kuweka kitu chenye makali mahali ambapo wadogo zake hawafiki, kila mara, bila kusahau?

Hali za kiafya zinaweza kubadilisha jibu. Msichana mwenye kisukari, mwenye tatizo la damu kutoganda au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze na wembe kabla daktari hajasema neno. Mwenye pumu ya ngozi asinyoe mahali palipochachamaa. Na kama katika ukoo kuna watu ambao vidonda vyao hugeuka makovu makubwa yaliyovimba, elekeza macho yako kwenye mashine ya umeme, si wembe. Msichana mwenye ulemavu au anayesumbuliwa na mguso na sauti naye anaweza kunyoa, kwa mashine na kwa msaada. Kitu cha kuhakikisha ni kwamba ni yeye anayetaka, si mlezi anayeona itampunguzia kazi.

Jibu likiwa “bado”

“Hapana” peke yake haizuii kitu. Wembe wa baba uko bafuni, na msichana aliyekataliwa bila njia mbadala atauchukua siku moja mlango ukiwa umefungwa, anyoe miguu mikavu bila maji wala sabuni, kwa wembe butu wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuanza, na imetokea katika nyumba nyingi zenye wazazi wakali na wazazi wapole vilevile.

Kwa hiyo “bado” yako iwe na vitu viwili. Kwanza, tarehe: “Tutazungumza tena ukifunga shule,” na ikifika uwe wewe wa kwanza kuikumbuka. Pili, kitu cha kutumia wakati huu. Kama kinachomsumbua ni nywele ndefu za kwapa, mashine ndogo ya kupunguza nywele yenye kizuizi cha plastiki huzifupisha bila kugusa ngozi. Kama ni harufu, deodoranti. Kama ni sare ya michezo, zungumza naye kuhusu soksi ndefu au kaptura inayofika gotini, bila kumlazimisha kujifunika.

Uongo wa kuuondoa kabla ya kuanza

Utasikia kwamba akinyoa mara moja nywele zitarudi nene, nyeusi na kwa kasi. Si kweli. Wembe hukata sehemu iliyo juu ya ngozi, na sehemu hiyo haina uhai. Mzizi ulio chini haupati habari yoyote. Mwanaanatomia Mildred Trotter wa Marekani alilichunguza jambo hili akachapisha majibu mwaka 1928, na tafiti zilizofuata hazikumpinga. Kinachodanganya macho ni ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa una ncha iliyochongoka, na uliokatwa huchomoza na ncha butu, hivyo huonekana mzito na huchoma ukiushika. Tena kwa msichana anayebalehe, nywele zingeongezeka hata bila wembe.

Ila mwambie pia ukweli usiopendeza: nywele hurudi. Baada ya siku mbili tatu miguu itakwaruza kidogo mkononi, na huenda ikawasha. Anayeanza anaingia kwenye kazi ya kurudiarudia, na anastahili kulijua hilo kabla.

Kuchagua kifaa

Kwa msichana mdogo, chaguo langu la kwanza ni mashine ya umeme au ya betri. Hainyoi kwa ukaribu kama wembe, lakini ni vigumu kujikata nayo, na nywele zikikatwa juu kidogo ya ngozi hupungua uwezekano wa kuota kwa ndani. Nunua inayostahimili maji kama ataitumia bafuni, na kamwe asitumie mashine iliyochomekwa kwenye umeme akiwa kwenye maji.

Wembe wenye mpini ndio unaofuata. Tafuta wenye kichwa kinachoinamainama kufuata umbo la mguu na mpini mnene usioteleza. Makali mawili au matatu yanatosha. Makali matano hukata chini zaidi ya usawa wa ngozi, na kwa mwenye nywele za kujisokota hiyo ni tiketi ya vipele. Rangi ya mpini haina maana. Wembe wa kiume wa kawaida hufanya kazi hiyo hiyo. Wembe mtupu usio na mpini, ule wa kukatia nyuzi, usiingie kabisa katika habari hii.

Krimu za kuondoa nywele huyeyusha unywele kwa kemikali. Hazikati, lakini zinaweza kuunguza ngozi laini. Soma umri ulioandikwa kwenye boksi, jaribu kiasi kidogo sehemu ndogo ya mguu usubiri saa 24, na usizidishe dakika zilizoelekezwa hata kidogo. Nta huuma na huweza kuunguza ikiwa ya moto. Kwa mwanzo, iache.

Chochote mtakachochagua kiwe chake peke yake. Wembe hupasua ngozi kwa vijeraha visivyoonekana, na kuchangia wembe kunaweza kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B na C, VVU, virusi vinavyoleta chunjua na bakteria wanaoleta majipu. Si na rafiki, si na dada, si na mama.

Somo la kwanza

Chagua siku isiyo na haraka, jioni, wala si mkesha wa safari ya kuogelea, kwa maana maji ya chumvi au ya klorini huchoma ngozi iliyonyolewa punde. Usipange kufanya miguu na makwapa kwa siku moja. Anza na mguu, sehemu ya chini ya goti tu. Mwoneshe kwenye mguu wako kwanza, kisha mpe yeye. Atavaa kaptura, utakaa pembeni, na mikono yako itabaki mapajani mwako. Kama hataki uwepo, mwoneshe kwenye mguu wako, mwache aingie, na ukae nje ya mlango.

1. Aoge kwanza, au aloweshe miguu kwa maji ya vuguvugu dakika chache. Nywele zilizolowa hulainika na kukatika bila kuvutwa.

2. Apake jeli ya kunyolea, au sabuni laini yenye povu zito, au kiyoyozi cha nywele. Povu humwonesha pia alipopita na asipopita. Kunyoa pakavu, hata “hapa kidogo tu”, ni marufuku.

3. Ashike mpini kwa vidole bila kukaza na kuweka kichwa cha wembe kilale juu ya ngozi. Wembe mkali hauhitaji kusukumwa. Akijikuta anabonyeza, ama wembe ni butu ama umeziba nywele.

4. Apitishe taratibu kufuata uelekeo nywele zinakolalia, yaani miguuni kutoka juu kwenda chini. Wengi hufundishwa kutoka kifundoni kupanda juu kwa kuwa hunyoa kwa ukaribu zaidi. Kweli hunyoa, lakini ndivyo pia nywele zinavyokatwa chini ya ngozi na kuota kwa ndani. Kwa miezi ya kwanza, ashuke tu. Mwendo mfupi, kama urefu wa kidole, halafu asuuze wembe. Kila mara asuuze.

5. Sehemu tatu ndizo hukata watu: goti, kifundo cha mguu na ule mfupa wa mbele wa ugoko. Gotini akunje mguu kidogo ili ngozi ivutike, asiukunje sana. Kifundoni na ugokoni apunguze mwendo mpaka aone anachoka kusubiri.

6. Asirudie rudie mahali pamoja. Nywele mbili tatu zilizobaki si kosa.

7. Asuuze kwa maji ya baridi kidogo, akaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, apake losheni isiyo na manukato au mafuta ya mgando.

Kwapa lije baada ya kulimudu goti. Nywele zake huota kwa pande tofauti, kwa hiyo mkono unyanyuliwe juu ngozi ivutike, na wembe upitishwe kwa wepesi mara ya kwanza kushuka, halafu kwa pembeni. Anyoe usiku, na deodoranti asubiri mpaka asubuhi. Ikipakwa papo hapo huwasha vibaya, hasa yenye spiriti.

Wembe usuuzwe, ukung'utwe maji, ukauke mahali pakavu nje ya eneo la kuogea. Kichwa kibadilishwe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7, au mapema zaidi kikianza kuvuta nywele au kuonesha kutu.

Akijikata, akiota vipele

Kujikata kutatokea. Abonyeze kitambaa safi kwa dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia kila sekunde, aoshe kwa maji na sabuni, apake mafuta ya mgando, aweke plasta. Usitumie tukio hilo kusema “nilikuambia”. Jeraha lisilokoma kuvuja baada ya muda huo, au lililo refu na lenye midomo iliyoachana, ni la kupeleka hospitali.

Vipele vidogo vyekundu au vyeusi siku ya pili kwa kawaida ni mwasho wa wembe au nywele zilizojikunja na kuingia ndani. Wenye nywele za kujisokota huvipata zaidi. Apumzike kunyoa mpaka vitulie, akandwe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na asivikamue wala kuchokoa kwa pini. Kwenye ngozi nyeusi kila kipele kilichochokolewa huweza kuacha doa linalodumu miezi. Vikivimba, vikiwa vya moto, vikitoa usaha au akipata homa, mwoneshe mhudumu wa afya.

Uso, mikono na sehemu za siri

Mikono iache kama hajalalamika. Kwa nywele za juu ya mdomo, zinazowasumbua wasichana wengi kuliko wanavyosema, wembe wa miguu haufai. Kuna mashine ndogo za uso na krimu zilizoandikwa wazi kuwa ni za uso. Nyusi zisubiri.

Nywele za kinena zina kazi ya kupunguza msuguano na kukinga ngozi nyororo, na kiafya hakuna sababu ya msichana mdogo kuziondoa. Mwambie hivyo waziwazi, mara moja, bila kulifanya jambo la aibu. Akizidiwa na joto au mwasho, kuzipunguza kwa mkasi mdogo wenye ncha butu kunatosha. Mwasho usioisha, uchafu usio wa kawaida au vidonda ni habari ya daktari.

Baba anayelea peke yake

Wewe unajua wembe kuliko wengi, na unachokijua kinatosha: maji ya vuguvugu, povu, uelekeo wa nywele, kusuuza. Mwoneshe kwenye mguu wako au hata kidevuni. Kisha muulize kama angependa kuzungumza pia na shangazi, bibi au mwanamke mwingine anayemwamini, na jibu lake lifuatwe. Kumkabidhi moja kwa moja kwa mwanamke mwingine bila kumuuliza humwambia kwamba wewe hutaki kusikia, naye mambo mengine makubwa hayatakufikia.

Baada ya miezi michache

Nywele nyingi huwa za urithi tu. Lakini zikiwa nene na nyeusi kidevuni, kifuani au kutoka kitovuni kushuka, pamoja na chunusi kali, hedhi inayoruka miezi ovyo, au sauti inayozidi kuwa nzito, mpeleke akapimwe homoni. Wembe utaficha dalili ambayo daktari anahitaji kuiona, hivyo asinyoe sehemu hizo siku chache kabla ya kwenda.

Mengine ni madogo. Muulize mara moja, “Kunyoa kunaendaje?” na uishie hapo. Weka nyembe mpya bafuni kabla hajaomba, maana wasichana wengi huona haya kuomba na kuendelea na kichwa butu kwa miezi. Akiamua kuacha, zisisemwe habari za pesa iliyotumika. Na vichwa vya wembe vilivyokwisha viingie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, kopo lifungwe kwa gundi ya karatasi kabla ya kutupwa, asije akajikata mwenye kubeba taka.